Nataka kuirudia filamu ya zamani ya kwetu Mwanza, nafanya sawa au naharibu? Naombeni ushauri

KijanaWaIgogo
Mwangaluka wakuu. Naombeni ushauri maana usiku silali vizuri. Nipo Mwanza, Igogo, napiga video za harusi, sendofu na kwaya, sasa nataka nitoke huko nifanye filamu yangu. Kuna filamu ilichezwa huku kwetu 2001, kikundi cha mtaani tu, inahusu mke wa mvuvi ambaye mumewe kaenda dagaa hakurudi, basi yeye kila siku anavuka na kivuko cha Kigongo–Busisi kumuulizia. Ilionyeshwa vibanda umiza vya Igogo na Mabatini watu wazima wakalia, madukani haikufika. Mimi nilikuwa na miaka sita, nimekaa mkekani mbele kabisa, na ndiyo iliyonifanya nishike kamera. Nataka niirudie kwa picha nzuri na sauti nzuri. Je, filamu ambayo watu waliipenda inafaa kurudiwa au ni kuivunjia heshima?

SatoChukuchuku
Isirudiwe. Filamu ya Kihindi Sholay ya 1975 mnaijua, 2007 mwongozaji Ram Gopal Varma akaileta upya, tena Amitabh yuleyule safari hii wakampa ujambazi, ikaanguka vibaya mno. Sholay mimi niliiangalia kwa mjomba Makoroboi, deki ilikuwa inakwama kwenye ile sehemu ya treni kila mara tunaipiga kofi, nikiiona leo safi bila kukwama naona kama sio yenyewe.

MamaWawili
Mi napinga. Don ya 1978 nilikuwa naijua yote, 2006 Shah Rukh Khan kaicheza upya nikakaa nikasema mwisho naujua, kumbe wameubadilisha! Nilipiga kelele watoto wakaamka. Rudia mdogo wangu, ila uwe na jambo lako jipya la kusema.

Kaunda_Suti
Miaka sita 2001, kwa hiyo sasa una thelathini. Umeoa?

MzeeWaReli
Kijana, sikiliza. 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, akaweka rangi tu, na watu wakabaki wanauliza ya nini. Lakini Hitchcock huyohuyo filamu yake ya 1934, The Man Who Knew Too Much, aliirudia mwenyewe 1956 na hakuna aliyemnunia, kwa sababu mali ilikuwa mkononi mwake. Sasa hiyo unayotaka kuirudia, mwenye mali ni nani? Yupo hai?

KijanaWaIgogo
Yupo mzee. Nitaongea naye. Ila naomba turudi kwenye swali, inafaa au haifai?

MzeeWaReli
"Nitaongea naye" maana yake hujaongea. Umemuomba au hujamuomba?

Dagaa_Mchele
Jibu hilo kwanza mkuu, tusizungushane.

KijanaWaIgogo
Haya. Mwenye filamu ni baba mkubwa wangu, kaka yake baba. Nilimuomba mwezi wa pili akakataa, hakugomba, alisema tu "hiyo iache". Aliyecheza yule mke wa mvuvi ni mama mkubwa, mke wake mwenyewe, amefariki 2009. Mnielewe sina nia mbaya, nataka nimuenzi. Na nimeshaanza, tumepiga siku mbili za kivuko, kuna binti anacheza nafasi yake anajitahidi kweli, na nimetoa laki nne advansi ya mtumbwi na taa. Nikisimama hapa nimepoteza hela na watu hawatanifuata tena.

MamaWawili
Eeh. Hilo ndilo ulitakiwa uanze nalo. Nafuta ushauri wangu wa kwanza.

Mtumishi_wa_Nyegezi
Mwanangu, mzee akisema iache unaiacha. Umevaa viatu vya mtu akiwa bado amevivaa. Hata ingekuwa nzuri kiasi gani utaionyesha wapi, msibani kwake?

Wakili_Mtaani
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, kuigeuza kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, undugu hauingii. Wajerumani walifanya Nosferatu 1922 kutoka kitabu cha Dracula bila kumuomba mjane wa mwandishi, mahakama ikaamuru kopi ziharibiwe, zilizopona zilipona kwa bahati. Na kibali cha Bodi ya Filamu unacho?

Kaunda_Suti
Mi nilipoteza laki sita kwenye kilimo cha tikiti na bado nipo, laki nne itapona. Hujajibu kama umeoa.

FundiDeki
Samahani, mimi naona mnajadili ya mbele ya nyuma hamjaiuliza. Hiyo ya 2001 yenyewe iko wapi? Iko kwenye nini?

KijanaWaIgogo
Kwenye kaseti mkuu. Tatu.

FundiDeki
Ziko kwa nani?

KijanaWaIgogo
Ninazo mimi. Zilikuwa kabatini kwa baba mkubwa chini ya mashuka, nikazichukua Pasaka nipate kuangalia vipande. Sikumwambia. Nilitaka nizirudishe kabla hajajua.

Dagaa_Mchele
Hapa sasa na mimi niseme. Wakuu HII NI CHAI. Someni uzi juu, anasema wamepiga siku mbili za kivuko. Kivuko kipi? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, kilomita tatu, nimepita juzi na gari, pale hakuna cha kuvuka na kivuko. Mara mama mkubwa, mara kaseti chini ya mashuka, huyu anaandika hadithi anatujaribishia sisi.

SatoChukuchuku
Duh. Na mimi nilishaanza kuhuzunika.

Kaunda_Suti
Nilijua tangu alipokataa kusema kama ameoa.

FundiDeki
Ngojeni. Kijana, hizo kaseti ni kubwa za deki au ndogo za kamera? Na unaziangaliaje?

KijanaWaIgogo
Ndogo. Zinaingia kwenye ile adapta kubwa yenye umbo la kaseti, unaweka betri moja ndogo ya rimoti ndani, inavuta mkanda wenyewe ndo unaingiza kwenye deki. Ya kwanza niliangalia yote. Ya pili nilisimamisha maana picha ilianza theluji na kwenye kidirisha cha kaseti naona vidoti vyeupe pembeni ya mkanda. Kuhusu kivuko Dagaa_Mchele una haki kuuliza, tulipiga kivuko cha Kamanga, hapa mjini, tukakwepa kuonyesha majengo ili ionekane Busisi.

FundiDeki
Huyu hadanganyi. Adapta na betri hawezi kuzijua mtu wa kutunga. Kijana, SIMAMISHA DEKI. Vidoti vyeupe ni ukungu, unyevu wa ziwa huo, ukiendelea kucheza unachuna mkanda na unahamishia ukungu kwenye kichwa cha deki halafu unaambukiza ya tatu. Usirewindi, zisimamishe wima sehemu kavu. Mkanda unasafishwa kwanza, halafu unanakiliwa kwenye kompyuta kwa mwendo wake, haina mkato kama flashi, dakika arobaini ni dakika arobaini.

Dagaa_Mchele
Naomba radhi mkuu. Lakini Kamanga sio Busisi, mtu wa huku ataona. Milima tu inatosha.

MzeeWaReli
Na hapo ndipo penyewe. Kile kivuko cha Busisi hakipigiki tena. Karabai za wavuvi wa dagaa nazo, usiku wa giza ziwa lilikuwa linawaka kama mji mwingine, leo ni taa za sola. Vyote vimo kwenye hizo kaseti na yule mama yumo. Wewe unahangaika na nakala wakati ya kwanza inaliwa na ukungu chumbani kwako.

KijanaWaIgogo
Sikuwaza hivyo kabisa. Niliona mbovu, nikasema nitengeneze nzuri.

MamaWawili
Zirudishe kwa mkono wako, umwambie ulizichukua. Usimtume mtu.

KijanaWaIgogo
*(siku tisa baadaye)*
Nimerudi. Nilienda kwa baba mkubwa Jumapili, nikapiga magoti nikasema. Alinyamaza sana, akauliza "zinacheza?" Jana FundiDeki kasafisha mbili, tumekaa na baba mkubwa kuziangalia. Kuna sehemu mama mkubwa ananunua karanga kwenye kivuko, muuzaji anampa chenji pungufu na yeye anamrudisha anahesabu upya mkononi, kumbe haikuwa kwenye mchezo, yule muuzaji hakujua kama anarekodiwa. Baba mkubwa akacheka peke yake. Akasema turudishe hapohapo, tukarudisha mara tatu. Kuhusu filamu yangu hajasema ndiyo wala hapana, na mimi sijauliza tena. Binti nimemlipa siku zake mbili, mwenye mtumbwi anadai advansi hairudi.

FundiDeki
Ya tatu ndiyo yenye ukungu mwingi. Ilete Alhamisi asubuhi kabla umeme haujaanza kusumbua, na mzee mje naye.