Nilisaini posho ya nauli, wameandika "mwananchi ameridhia". Huu mji janja wanamjengea nani?

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili lina wiki mbili linanikaba kooni, leo nalitoa. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Mtaa wetu sitautaja, kampuni na maafisa pia sitawataja, maana najua tukianza majina tutaishia kwenye majina na mtaro utabaki pale pale.

Ninaishi Dar, mtaa wa bondeni, mwaka wa 19 sasa. Mwaka jana mjumbe alinigongea jioni akaniambia nimechaguliwa kwenda kwenye kikao cha wadau wa "mji janja". Kikao kilikuwa Jumanne saa 3 asubuhi, hotelini, mbali na mtaa kwa daladala mbili. Jiulize mama muuza samaki anaachaje biashara Jumanne saa 3. Tulienda watu 12, wengi wetu wastaafu na vijana wasio na kazi. Tukaonyeshwa picha ukutani kwa Kiingereza: taa za sola za barabarani, kamera, vidude vya kupima kina cha maji mtaroni (wanaviita vihisi), na programu ya simu ya kuripoti taka. Alipomaliza, mtoa mada akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu kalavati letu. Akasema swali zuri, litachukuliwa. Tukala, tukapitishiwa daftari: jina, namba ya simu, saini, nauli elfu 20. Tukarudi nyumbani.

Wiki mbili zilizopita nimeiona taarifa ya mradi, nakala ipo mezani ofisini, mtu yeyote anafungua. Nyuma kabisa kuna kiambatisho. Ni lile daftari letu la nauli! Limewekewa kichwa kipya: orodha ya wananchi walioshirikishwa na kuridhia mradi. Mimi ni namba 7.

Wakuu, hakuna aliyetuuliza kama tunaridhia. Hakuna kura iliyopigwa, hakuna mkono ulionyooshwa isipokuwa wangu, na wangu ulikuwa wa kuuliza swali ambalo halijajibiwa mpaka leo. Saini niliyoweka ili nirudishiwe nauli imegeuzwa kuwa kauli ya mtaa wenye maelfu ya watu ambao hata habari hawana.

Na wangetuuliza, tungesema nini? Kila mtoto wa mtaa huu anajua: kalavati la chini ni jembamba, taka zinashuka kutoka juu, zinaziba, maji yanarudi majumbani. Tupanulieni kalavati, gari la taka lipite kila wiki kama tunavyolipia. Basi. Badala yake, juu ya kalavati lile lile jembamba wamefunga kihisi cha kutuma taarifa maji yakipanda. Maji yakipanda sisi tunayajua kabla ya kihisi, yanaanzia chooni.

Wala wasiseme taarifa za chini hazikuwepo. Tangu 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa na mafuriko, ilizunguka kata nyingi za jiji hili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wenyeji nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro, droni zikapiga picha za juu, wazee wakaulizwa mafuriko huwa yanafika wapi. Ramani zile ziko OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, yeyote anachukua bure. Huo ndio ujanja wa mji ninaouelewa mimi: mtu wa bondeni anaonyesha kwa kidole, kijana anaandika, mhandisi anasoma. Mpaka hapo kazi ilifanyika. Iliyobaki ilikuwa mhandisi asome.

Nije kwenye programu ya simu. Nimeripoti rundo la taka mara tatu. Mara zote tatu, kesho yake, inaandika "imeshughulikiwa". Rundo lipo, inzi wapo, watoto wanapita hapo kwenda shule. Nikaenda ofisini na picha. Kijana wa pale alinijibu kwa adabu kabisa, simlaumu, akaniambia: "Mzee, hiyo ikishapelekwa kwa mhusika mfumo unajibadilisha wenyewe." Kwa hiyo "imeshughulikiwa" maana yake ni imesogezwa meza nyingine! Halafu hesabu hizo hizo ndizo zinazochorwa kwenye grafu na kuonyeshwa wakubwa kwamba kero za wananchi zinatatuliwa. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko taka zenyewe, kwa sababu sasa aliye juu haoni tena kwamba kuna tatizo.

Siku hiyo hiyo alikuwepo bibi mmoja jirani yangu. Kafiwa na mume, anaishi na wajukuu, ukuta wa nyumba yake umeliwa na maji. Alitaka kuandikisha malalamiko. Akaambiwa siku hizi ni kwa simu tu. Akatoa kitochi chake kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, hii si simu?" Akaambiwa haifai, atafute mtu mwenye simu janja. Zamani kulikuwa na daftari la malalamiko pale, limeondolewa. Yaani mji umekuwa janja, bibi amefungiwa nje.

Halafu kamera. Mmoja wa milingoti umewekwa mahali ambapo kamera inatazama moja kwa moja uani kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Bafu lao liko nje, mlango ni pazia. Akina mama wa pale sasa wanaoga usiku wa manane, au wanatundika khanga mbili. Hawakuulizwa. Hawajui picha zinaenda wapi, nani anazitazama, zinakaa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023. Inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Ni nani alikwenda kuwaambia hao akina mama?

Msinielewe vibaya, sipingi teknolojia. Taa za sola zimesaidia, binti zangu wanarudi jioni bila woga, hilo nalishukuru kwa dhati. Ninachopinga ni kupangiwa maisha na watu ambao hawajakanyaga tope letu. Jiji hili lina historia ya kutosha. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangaziwa mji mpya wa kisasa, wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, miaka ikapita mtu hajengi wala halipwi, mwisho mpango wenyewe ukapunguzwa. Karakana ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua zilipokuja tuliona mabasi ndani ya maji. Mtu yeyote aliyekulia Magomeni angekwambia pale maji huwa yanafika wapi.

Na tusiambiwe kuwashirikisha watu wa hali ya chini haiwezekani. Nairobi, mwaka 2017, Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zilitangazwa na kaunti kuwa eneo maalumu la mipango. Pale ni kaya laki moja hivi, zimebanana kuliko sisi. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walipanga wakazi kwa makundi ya nyumba kumi kumi, makundi yakatoa wawakilishi, wawakilishi wakakaa na wataalamu wa maji, barabara, afya, nyumba. Walihesabu wenyewe, ikaonekana mkazi wa Mukuru analipia maji na umeme bei ya juu kuliko wa mitaa rasmi. Njia za ndani zikapangwa nyembamba kuliko viwango vya kawaida ili wanaohamishwa wawe wachache. Ule ni uamuzi ambao hoteli haiwezi kuutoa, umetoka kwa mtu anayejua ukuta wake uko wapi. Mukuru haijawa pepo, mwaka 2021 watu walibomolewa Mukuru kwa Njenga tukaona wote. Lakini walikuwa na kitu cha kusimamia, mpango ulikuwa wao.

Hata wanaopenda mifano ya Ulaya, Barcelona ilianzisha jukwaa lake la Decidim mwaka 2016. Watu walitoa mapendekezo kwa maelfu, kwenye mtandao na kwenye mikutano ya ana kwa ana, na mapendekezo yakajibiwa, limekubaliwa au limekataliwa na kwa nini. Mimi swali langu moja la kalavati lina mwaka.

Katiba yetu ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Mkutano mkuu wa mtaa upo, kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Mbona mradi huu haukupita huko? Kiwanja cha mpira kipo, Jumapili jioni watu wapo, Kiswahili tunakijua wote.

Ninachotaka: jina langu litoke kwenye ile orodha. Mradi uletwe mkutano mkuu wa mtaa, wakiwemo hao akina mama wa ile nyumba. Kamera igeuzwe leo, sio kesho. Daftari la malalamiko lirudi mezani.

Nyongeza, saa 4 usiku: Kuna mkuu ameuliza, kwa nini nilikula posho kama sikubaliani na mradi. Mkuu, nililipa nauli yangu kwenda, nikarudishiwa. Siku ile hakuna aliyesema saini ni ya kukubali, ingesemwa ningeomba kwanza nisome ninachokubali.

Mwingine anasema nitaonekana napinga maendeleo, nitaandamwa. Nimemwelewa, na familia yangu imesema hivyo hivyo. Nimewapitia wenzangu 11 wa kwenye daftari. Sita wamekubali kuandika barua ya kukana ile ridhaa, wawili wamehama mtaa, watatu wanaogopa na siwalazimishi. Kesho tunapeleka barua kwa mtendaji tukiwa saba, na ya pili tunaomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 tupewe mkataba wa mradi na gharama ya kile kihisi. Nataka kujua kama ile pesa ingetosha kupanua kalavati. Mwenye uzoefu wa kuandika hiyo barua ya taarifa anisaidie hapa chini, tunatoka saa 2 asubuhi.