Nyumba ya shamba ya wakwe Suffolk: fundi anataka kupiga simenti upya, nimruhusu?

Mkwe_wa_Suffolk: Habari zenu wakuu. Niko Uingereza, mama mkwe katuachia nyumba ya shamba ya zamani mno, iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, gredi ya pili. Mbele matofali na madirisha yamepangika, ila ukizunguka nyuma imepinda hatari. Ubavuni ina lipu ya simenti ya miaka ya 70, juzi nimebandua kipande nikachomeka bisibisi kwenye nguzo ya mwaloni ikazama mpaka mpini, ndani unga mtupu. Halafu darini kenchi nyeusi tii, ukigusa unatoka na masizi, wife anasema iliwahi kuungua. Fundi anasema tubandue yote tupige simenti yenye dawa ya maji. Nimpe kazi?

Boriti77: Usimpe! Na hakuna kilichoungua hapo mkuu. Zamani ilikuwa ukumbi mmoja wazi hadi kwenye paa, moto unawashwa sakafuni katikati, dohani hamna, moshi unajitafutia njia. Kwenye karne ya 16 hivi wengi wakajenga dohani za matofali, ndo wakapata pa kupachika sakafu ya juu. Matofali ya mbele nayo ni koti tu, fasheni ya enzi za akina mfalme George, karne ya 18 hivi.

Mkwe_wa_Suffolk: Daah, ndo maana mlango wa chumba cha juu naingia nimeinama

Mwamu: Mie mtu wa Lamu, haya twayajua. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, mtu akija na simenti yake maji yanafungiwa ndani, boriti za mikoko zaoza kimyakimya. Rudisha chokaa, ukuta upumue.

Fito_na_Udongo: Kati ya hizo nguzo utakuta fito na udongo, kumbe Wazungu nao walikaa mbavu za mbwa 😂 Ila acha kubandua. Kwa sheria ya 1990 ukibadilisha jengo la hivyo bila kibali cha halmashauri ni jinai. Na masizi usiyafute, ndo ushahidi wa huo ukumbi.

Mkwe_wa_Suffolk: Fundi kasema chokaa ni ushamba, nimeachana naye. Swali la mwisho, kuna dirisha limezibwa matofali, naweza kulifungua?

Boriti77: Huenda walikwepa kodi ya madirisha, yaani nyumba yenye madirisha mengi inalipa zaidi, ilianza 1696 ikafutwa 1851, japo wengine waliziba kwa urembo tu. Hilo nalo kaulize halmashauri kwanza, na hiyo bisibisi ifiche