Gumzo la Ukoo: Salma na harufu ya gesi

*Jumanne jioni*

Mama Salma: Asalaam aleykum ndugu zangu. Namshukuru Mungu wanangu wazima. Nimerudi kazini nawakuta Salma na mdogo wake kwa jirani. Gesi ilikuwa inavuja jikoni.

Zuhura: Yallah! Ilikuwaje?

Mama Salma: Asubuhi nilichemsha chai mbiombio, kumbe jiko sikulifunga vizuri. Watoto wamerudi shule saa nane, Salma akasikia harufu. Akataka awashe feni ili itoke. Mkono ulishafika kwenye swichi. Jirani alikuwa anapita dirishani na ndoo yake, ndiye aliyepiga kelele "Usiguse! Tokeni!"

Mjomba Hamisi: Poleni sana. Lakini huyu mtoto si alishakatazwa kugusa jiko?

Mama Salma: Hakuligusa kaka. Ndicho kinachoniuma. Tangu ninunue mtungi namwambia "usiguse jiko", kila siku. Sijawahi kumwambia akisikia harufu afanye nini. Feni nani alimkataza?

Shangazi Mwalimu: Pole wifi yangu. Mimi nafundisha darasa la tatu. Nikiwauliza watoto moto ukitokea mtafanya nini, wapo wanaojibu watajificha uvunguni. Nao nyumbani wamekatazwa kiberiti tangu wadogo. Mweleze Salma sababu, ana miaka tisa, ataelewa. Swichi ya feni au taa inatoa cheche, na gesi iliyojaa chumbani inalipuka kwa cheche hiyohiyo. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, pale anapochezea mdogo wake. Ile harufu imetiwa makusudi ili tushtuke, gesi yenyewe hainuki.

Mjomba Hamisi: Mwalimu, mimi naogopa. Ukimfundisha mtoto habari za gesi si ndiyo unampa hamu ya kwenda kuichezea?

Bibi (sauti, nimeiandika mimi Zuhura): Hamisi mwanangu, ulikuwa na miaka minne ulipokunywa mafuta ya taa. Nilikuwa nayaweka kwenye chupa ya soda, chini ya meza. Nikakunywesha maziwa, nikakutia kidole utapike. Hospitali wakaniambia mafuta ya taa hayatapishwi, yakipanda yanaingia mapafuni. Wiki nzima unahema kwa shida, mimi nalia. Sikuwa nimeelezwa mimi mtu mzima, seuze mtoto. Wafundisheni.

Mjomba Hamisi: Nimekusikia mama.

Shangazi Mwalimu: Asante Bibi. Wifi, usimpe maneno matupu, mfanyishe mazoezi. Mwambie "gesi hiyo, haya!" Amshike mdogo wake mkono, asiwashe wala asizime kitu chochote, watoke, mlango wauache wazi, amwite mtu mzima. Simu ipigwe nje, siyo ndani. Zimamoto hapa Tanzania ni 114. Kufunga mtungi si kazi yake, hata kama anajua. Na namba yako aijue kwa kichwa. Kwenye simu umeandikwa "Mama" tu, chaji ikiisha atakupataje?

Mama Salma: Namba yangu haijui wifi. Nimemuuliza sasa hivi, kataja tarakimu nne akakwama.

Zuhura: Aiimbe akiwa anaoga. Wangu niliwashikisha hivyo.

*Jumamosi*

Mama Salma: Tumefanya leo. Mara ya kwanza Salma kakimbia peke yake, mdogo wake kabaki ameshika kijiko. Mara ya pili wamefika mlangoni, akarudi kuchukua viatu vya shule. Nikamwambia viatu nitanunua vingine. Akaniangalia, akauliza, "Hata vipya?" Hata vipya, mwanangu. Mara ya nne wametoka wote wawili, peku, hadi kwa jirani. Namba kaitaja yote mbele ya jirani.

Bibi (sauti): Mungu awakuze.

Mjomba Hamisi: Kesho baada ya adhuhuri nawaleta wangu wawili. Dada, Salma ndiye awaonyeshe.

Mama Salma: Nimemwambia. Keshaanza kumpanga mdogo wake pa kusimama.