Tunauziwa nusu ya filamu kwa jina la filamu nzima, na hakuna anayetuambia

Wanajukwaa, naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na kwa kuwa siwezi kuieleza hasira hiyo bila kutaja namna filamu zinavyomalizika, yeyote ambaye hajatazama Spider-Man: Across the Spider-Verse, Wicked, Dune, Godzilla Minus One au Sinners, na asiyependa kuharibiwa utamu, aishie hapa.

Lalamiko langu ni hili. Katika miaka hii michache limekuwa jambo la kawaida mtazamaji akate tiketi, akae saa mbili na nusu au zaidi, kisha taa ziwashwe kabla kisa hakijafika popote, na ndipo agundue kwamba alichokitazama kilikuwa kipande tu. Zingekuwa filamu mbovu nisingehangaika kuandika. Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya kazi bora kabisa za wakati huu ndizo zinazotendewa hivyo, na waliozitoa wanajua wanachokifanya.

Chukueni Across the Spider-Verse ya mwaka 2023. Kwa upande wa uchoraji, sijaona filamu ya katuni iliyothubutu kiasi kile. Ulimwengu wa Gwen Stacy, mmoja wa Spider-Man wengi wa kisa hiki ambao kila mmoja ana ulimwengu wake, umepakwa kwa mtindo wa rangi za maji, na rangi hizo hubadilika na kuchuruzika ukutani anapozungumza na baba yake, hata ukaisoma hali ya moyo wake kabla hajafungua kinywa. Hobie, yule mpiga gitaa, amechorwa kama vipande vya karatasi vilivyochanwa na kubandikwa, na bado anasimama pembeni ya wenzake kwenye picha ileile bila jicho kukwazika. Kisa chenyewe nacho kina swali zito: je, Miles Morales, shujaa mkuu wa filamu, akubali baba yake afe kwa sababu ameambiwa kuwa kila Spider-Man ni lazima ampoteze mtu wa karibu, au akatae na kuuhatarisha ulimwengu wake wote? Swali hilo linajengwa kwa uvumilivu na kwa akili kwa muda wa dakika 140, na halijibiwi. Miles anatupwa katika ulimwengu usio wake, anafungwa kamba, anakutana na Miles mwingine aliyegeuka kuwa mhalifu, Gwen anawakusanya wenzake waende kumtafuta, na filamu inakatika hapo.

Sasa sikilizeni sehemu inayokera zaidi. Jina la filamu hiyo lilipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2021, lilikuwa na maneno yanayosema wazi kwamba ni sehemu ya kwanza. Mwaka 2022 maneno hayo yaliondolewa. Kisa hakikufupishwa wala hakikupewa mwisho. Kilichobadilika ni jina peke yake, na mtu aliyesoma bango la mwaka 2023 hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba anaingia kutazama nusu. Sehemu ya pili ilikuwa imepangiwa Machi 2024, ikaondolewa kwenye ratiba katikati ya mwaka 2023, na mwaka uliotajwa badala yake ni 2027. Mtoto aliyeingia ukumbini akiwa na miaka 10 atapata jibu la swali lake akiwa na miaka 14, wakati huenda hata halimshughulishi tena. Hivyo ndivyo heshima kwa mtazamaji inavyoonekana?

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba hadithi za mfululizo ni za zamani kuliko sinema yenyewe na kwamba nina haraka. Ni kweli kwamba ni za zamani, lakini gazeti lililochapisha hadithi kwa vipande liliandika "itaendelea" chini ya ukurasa, na msomaji alijua anasubiri nini na kwa muda gani. Isitoshe, kuna tofauti kubwa kati ya kisa kinachoacha mlango wazi na kisa kisicho na mwisho. The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, ya mfululizo wa Star Wars, inamwacha Han Solo mikononi mwa maadui, lakini shujaa wake Luke amekwisha kukutana na adui yake Darth Vader, ameshindwa, na ameambiwa ukweli unaogeuza kila alichokiamini kuhusu baba yake. Filamu ile ilikuwa na swali na ikalijibu. Hata Avengers: Infinity War ya mwaka 2018, ambayo nayo ilitangazwa kama sehemu ya kwanza kisha ikabadilishwa jina, ina mwisho wa haki, kwa sababu anayeiendesha filamu nzima ni Thanos, yule adui mkuu, na Thanos anapata alichokitafuta. Unatoka ukiwa umeumia, lakini umetazama filamu. Na sehemu iliyofuata ilikuja mwaka mmoja baadaye.

Wicked ya mwaka 2024 inanisumbua kwa namna nyingine, kwa sababu kipande chake kina kilele. Elphaba, mchawi aliye shujaa wa kisa, anapopaa na ufagio wake huku Cynthia Erivo akiuimba ule wimbo wa mwisho kwa sauti iliyojaa uchungu na ushindi, mtu aliyefunga pazia pale alijua anachokifanya. Ndipo onyesho la jukwaani, ambalo filamu imetokana nalo, linapokwenda mapumziko. Lakini mapumziko ya jukwaani ni ya dakika chache, na haya ya filamu yalikuwa ya mwaka mzima. Onyesho zima la jukwaani, pamoja na mapumziko yake, huchukua takribani saa mbili na dakika 45. Filamu imetumia dakika 160 kusimulia nusu ya kwanza peke yake, na haikuwa na mambo mapya ya kutosha kuzijaza dakika hizo. Mandhari ya shuleni yanavutwa, mazungumzo yanasema jambo ambalo wimbo ulikwisha kulisema, na picha nyingi zimepigwa mwanga ukitokea nyuma ya waigizaji, kiasi kwamba rangi za majengo na mavazi yaliyotengenezwa kwa jasho, na ambayo yalistahili kabisa Tuzo za Oscar ilizopata, zinaonekana zimefifia.

Nasema hayo nikiwa nimeipenda. Ile ngoma ya ukumbini, ambapo Elphaba anachekwa na kila mtu, anaanza kucheza peke yake bila muziki, na Glinda, mwanafunzi mwenzake, anajongea na kuiga mwendo wake polepole mpaka wote wawili wanalia, ni dakika bora kuliko filamu nzima nyingi nilizotazama. Hakuna neno wanaloambiana. Ndiyo maana nina hasira: uhariri ambao ungetuletea filamu moja ya saa tatu yenye mandhari kama ile na mwisho wake ulikuwa unawezekana. Badala yake tulipewa Wicked: For Good mwaka 2025, iliyobaki na nusu dhaifu ya hadithi, kwa kuwa nyimbo zenye nguvu zaidi zilikuwa zimekwisha kutumika, ikabidi ziongezwe mpya mbili. Na kwenye bango la mwaka 2024 liliandikwa neno "Wicked" basi. Maneno ya sehemu ya kwanza yalijitokeza kwenye skrini wakati taa zimeshazimwa.

Dune ya Denis Villeneuve ilifanya jambo hilohilo mwaka 2021, na hiyo ninaiona kuwa nzito zaidi kwa sababu moja: wakati ile ya kwanza inatoka, ya pili ilikuwa haijapewa hata kibali. Kibali kilitolewa siku chache baada ya filamu kuanza kuonyeshwa Marekani. Kwa maneno mengine, waliweka sokoni nusu ya kisa bila uhakika wowote kwamba nusu nyingine itatengenezwa, na kama watu wasingejitokeza, shujaa wake Paul Atreides angebaki jangwani milele. Filamu yenyewe ina sauti na picha za kutisha kwa ukubwa wake, lakini ukoo wa Atreides ukishaanguka katikati, theluthi ya mwisho ni mwendo mrefu unaoishia kwenye pambano la visu na mtu ambaye hatukumjua. Kisha Chani, msichana wa jangwani, anamwambia Paul kwamba huo ni mwanzo tu. Baada ya dakika 155! Ya pili, ya mwaka 2024, ni bora zaidi kwa mbali, na ule uwanja wa mapigano wenye mwanga unaonyonya rangi zote utakumbukwa kwa muda mrefu. Lakini ubora wake hauisafishi ya kwanza.

Kuhusu Fast X ya mwaka 2023 sina mengi, maana inakatika bwawa likiwa linabomoka na mashujaa wakiwa chini yake, na mwendelezo wake haukutoka mwaka 2024 wala 2025. Mwigizaji na mwongozaji Kevin Costner naye alitoa kipande cha kwanza cha filamu yake Horizon katikati ya mwaka 2024, dakika 181, kikiishia na mkusanyiko wa picha za kipande kinachofuata. Tarehe ya kipande hicho kumbini ikafutwa wiki chache baadaye. Haki itendeke pia: Mission: Impossible – Dead Reckoning iliandika kwenye bango kwamba ni sehemu ya kwanza, na kwa hilo siwezi kuilaumu.

Kuna wizi wa upande wa pili pia, ule wa kukata mwanzo. The Marvels ya mwaka 2023 ni filamu fupi, ya dakika 105, na mwigizaji Iman Vellani anaibeba kwa uchangamfu wa kweli, lakini wawili kati ya mashujaa wake watatu walipata nguvu zao katika tamthilia za mfululizo ambazo mtu ilimpasa alipie kwingine ndipo azitazame. Asiyezitazama anarushiwa sentensi mbili tatu za haraka na kutakiwa alie pale wanapokumbatiana.

Msiniambie kwamba kumaliza kisa kumeshindikana siku hizi. Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, dakika 125, ilisimulia habari za rubani Shikishima, ambaye alikwepa kufa vitani na akashindwa kuishi na aibu hiyo, ikaipeleka aibu hiyo mpaka mwisho wake angani, na ikamrudisha nyumbani mtu mwingine. Dakika za mwisho kuna doa jeusi shingoni mwa Noriko, mwanamke aliyeishi na Shikishima, na kipande cha mnyama kinachoanza kujiunga upya baharini. Mlango umeachwa wazi, naam, lakini hakuna aliyetoka akijiona amepunjwa.

Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, nayo ni kisa kizima, cha usiku mmoja huko Mississippi mwaka 1932, chenye ule wimbo wa Sammie, kijana mwanamuziki, unaowaita wanamuziki wa kale na wa baadaye chini ya paa moja. Ina kasoro zake: pambano la mwisho na wanyonya damu limeharakishwa na kuvurugika, na watu waliokuwa makini usiku kucha wanafanya upumbavu ili pambano lipate kuanza. Kosa jingine ni kwamba tukio linaloufunga moyo wa hadithi, Sammie akiwa mzee, limewekwa baada ya majina ya watengenezaji kuanza kupita, wakati sehemu ya watazamaji wamekwisha kusimama. Lakini limo, na ni mwisho wa kweli.

Ninachodai hakihitaji fedha wala teknolojia. Filamu ikiwa ni sehemu ya kwanza, iandikwe hivyo kwenye bango, kwenye trela na mahali tiketi inapouzwa, kwa herufi zinazosomeka, kando ya urefu wa dakika zake. Sehemu inayofuata ikiwa haijapigwa picha, hilo nalo lisemwe kabla hatujalipa. Na wahakiki wanaotazama filamu hizi kabla yetu, ambao mwaka 2023 walisifu rangi za Spider-Verse kwa aya sita na kuupitisha mwisho wake kwa nusu sentensi, waache kuwafichia waliozitoa.