Riwaya ikishatoka kiwandani inamfikiaje msomaji? Waandishi, wauzaji na wasomaji wa Mwanza na visiwa vya ziwani, tupeane uzoefu

Mama Riwaya, Kirumba

Wakuu, habari za jioni.

Ninaandika riwaya za Kiswahili na ninaishi hapa Kirumba. Mazungumzo mengi ya uandishi huishia kwenye kupata mchapishaji. Leo naomba tuzungumzie kinachofuata. Maboksi yameshashushwa, sebule imejaa nakala, na mtaani hakuna anayejua kuwa una kitabu. Hapo kila mtu anafanyaje?

Kwetu huku swali hili ni la siku nyingi. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapisha katika lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mswada umekaa, halafu mwenyewe hakupata muda wa kuwaona watu wakiusoma! Kisiwa hichohicho, kijiji cha Namagondo, kikamtoa Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika yake ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na watu wakaendelea kuitafuta hadi baadaye ikaja kufundishwa sekondari. Nikiwafikiria wazee wetu hawa wawili, naamini kabisa kwamba riwaya haitembei bila mtu wa kuisemea.

Uzoefu wangu ni huu: huku kwetu riwaya inauzwa na sauti. Niliwahi kufanya uzinduzi ukumbini, meza kuu, keki, mgeni rasmi. Watu walikuja, wakapiga picha, nakala zilizonunuliwa zikawa za ndugu na marafiki. Kilichonifungulia njia ni Mwaloni, soko la samaki. Kina mama wa dagaa pale husubiri mzigo kwa saa nyingi, na mmoja wao aliniomba nimsomee kidogo kile nilichoandika. Nikasoma ukurasa mmoja, wa pili, hadi sura ikaisha. Nilipofunga kitabu wakagoma, wakataka kujua yule binti kama alirudi kwa mumewe. Nikawaambia jibu limo humu ndani. Walichangishana wakanunua nakala moja, na mwenzao anayesoma vizuri akaendelea kuwasomea wengine. Baadaye wakaja mmoja mmoja kununua za kupelekea mabinti zao. Tangu hapo kila kitabu changu nakisoma kwa sauti kwanza, kwenye saluni, kwenye vikao vya vikoba, popote watakaponipa robo saa. Na nachagua pa kukatia: pale ambapo msikilizaji hawezi kulala bila kujua.

Karibuni.

Muuza Vitabu, Makoroboi

Dada umesema kweli, ila na sisi wa barabarani tusikilizwe. Mimi natandika vitabu chini, vipya na vya mtumba. Waandishi wa hapa mjini huniletea riwaya kwa mali kauli, nauza, nachukua changu, nawapa chao. Mteja wangu amesimama, jua linamchoma, ana haraka. Anaangalia jalada, anageuza nyuma, anasoma mistari ya kwanza ya ukurasa wa kwanza, basi. Kama ukurasa wa kwanza ni shukrani kwa mkuu wa chuo na familia nzima, anarudisha. Shukrani wekeni mwisho, nawaomba.

Jambo jingine ni jalada lenye karatasi ya nailoni juu. Mvua ya Mwanza haipigi hodi, na jalada tupu likilowa mara moja hicho kitabu hakiuziki tena. Na herufi zisiwe ndogo. Wasomaji wangu wazuri ni watu wazima, wastaafu na mafundi, macho yao si ya mwanafunzi.

Kubwa kuliko yote, mwandishi apite. Wapo wanaoleta nakala na kupotea mwaka mzima. Anayepita akasimama pale, akasalimiana na wateja, akaandika jina la mtu ndani ya kitabu, huyo zake haziozi.

Mwalimu wa Sengerema

Naongea kama msomaji, na kidogo kama mwalimu wa Kiswahili.

Waandishi wengi wanatuletea riwaya shuleni wakitaka tuifundishe. Darasani hatuna uhuru huo. Tunafuata vitabu vilivyopangwa kwenye muhtasari, na vya kiada na ziada vinapitia ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini shule ina maktaba na ina klabu ya Kiswahili. Mwandishi akija klabuni akakaa na watoto akawasimulia alivyoandika, mwanafunzi anaondoka akijua kuwa mtu wa kawaida wa Igoma au Buhongwa anaweza kuandika kitabu. Kwangu hilo lina thamani kuliko nakala zitakazouzwa siku hiyo. Msije mkiwa na haraka ya mauzo.

Kuhusu kusoma: riwaya zangu nyingi nilizimaliza kwenye foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, tunavuka kwa dakika chache, na nashukuru sana, maana wagonjwa walikuwa wanateseka pale. Ila muda wa kusoma ulikwenda na foleni. Sasa nasoma kabla ya taarifa ya habari na simu naiacha chumbani. Kila mmoja atafute foleni yake.

Binti Nansio

Wabheja sana kwa uzi huu.

Mimi nasoma, na pia naandika riwaya za mfululizo kwenye WhatsApp. Huku kisiwani duka la vitabu vya hadithi ni shida, kwa hiyo simu ndiyo duka. Sehemu za mwanzo natoa bure kwenye makundi, zikinoga nafungua kundi la kulipia, mtu anatuma hela kwa simu, namuingiza. Wasomaji wangu wako Nansio, Bunda, Musoma, hadi Dar. Uzuri wake ni kwamba msomaji anakujibu usiku huohuo. Ukimuua mhusika wanayempenda utaamka na ujumbe wa kukulaani, na hapo unajua kwamba umeandika.

Maumivu yapo. Kuna aliyenakili riwaya yangu nzima, akaondoa jina langu, akaisambaza. Nililia. Wasomaji wangu ndio walionipigania. Kila ilipotokea kundi fulani walikuwa wanaandika chini yake, "hii ni ya dada yetu wa Ukerewe, mlipeni". Wengine walinitumia hela bila hata kunijua.

Mama Riwaya, Kirumba

Pole mdogo wangu. Wasomaji wa namna hiyo uwashike kwa mikono miwili. Na sheria ipo, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi yako ikasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata kama haijawahi kuwa karatasi, na utunze ile ya awali yenye tarehe.

Kijana wa Malimbe

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nina mswada umekamilika. Nijichapishie au nisubiri mchapishaji? Na je, niwe na hela ya kujitangaza kabla?

Mama Riwaya, Kirumba

Marahaba mwanangu. Mchapishaji anabeba gharama na anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Mikataba niliyoiona mimi ilikuwa kama asilimia 10. Ukijichapishia unabeba kila kitu, hata kulala na maboksi. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usiache kuichukua, maduka makubwa watakuuliza. Ukipanga kurasa, lenga idadi inayogawanyika kwa 16, ndivyo karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani. Ukizidisha kurasa mbili tatu unalipia karatasi tupu. Mhariri mlipe kabla ya mchora jalada. Na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, riwaya inashindanishwa. Fuatilia matangazo ya Taasisi ya Elimu.

Hela ya kujitangaza si lazima uwe nayo sasa. Kwanza nikuulize: mwaka huu umesoma riwaya ngapi za wenzako? Umeshawahi kumsifia mwandishi mwingine hadharani, ukataja jina la kitabu chake na mahali kinapopatikana? Waandishi wa mji huu tukianza kusemeana, hata Muuza Vitabu hapo juu atatafuta turubai pana zaidi.

Kijana wa Malimbe

Nimesoma za zamani za shuleni tu, za watu wa hapa bado.

Muuza Vitabu, Makoroboi

Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijakolea. Ninazo za waandishi wanne wa hapahapa Mwanza. Ukiwa na mswada uje nao, usome ukurasa mmoja hapa kwa wateja. Wakikaa, tutaongea mali kauli.