Naombeni ushauri: kinga ya tonado kwa wakazi wa nyumba za trela, Alabama (Marekani)

Wakuu, kubaki ndani ya trela tonado (kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi kubwa) ikija si kinga. Mikanda ya chuma na nanga za ardhini zinazofunga trela chini husaidia kiasi tu. Zikishika kutu au udongo ukilowa, nyumba nzima hung'oka. Kwa hiyo tunataka kujenga chumba cha pamoja cha kujikinga. Kiwango cha Marekani cha ujenzi wa vyumba hivyo kinadai kuta na mlango vihimili upepo wa maili 250 kwa saa, na futi 5 za mraba kwa kila mtu, 10 kwa mwenye kiti cha magurudumu.

Maji ya ardhini yako karibu: tuchimbe, au tujenge zege juu? Na usiku mlango ufunguliwe vipi? Onyo mara nyingi hutolewa chini ya robo saa kabla tonado haijafika, na wazee wanatembea polepole.