Kukata gazo Lubumbashi: bakliya ba kweli nibatafute wapi?

kijana_katuba
Bayaya jambo. Nilinunua mashini mbili, tondezi ya kusukuma na ile ya kubeba ku bega yenye kukata na kamba, niko naanza kazi ya kutunza gazo hapa Lubumbashi. Majuma hii yote napita Golf na Bel-Air, nagonga ku kila mulango, zamu anafungua kidogo anasema patro hayuko, kwisha. Wenye kuniita ni paka wale majani imefika mu kiuno, nakata siku moya kiisha habaniite tena, na esansi inaisha pale pale. Kwetu Katuba bantu bengi banafagia kiwanja tu, gazo hakuna. Sasa kliya wa kila mwezi namutambua namna gani? Mvua iko karibu, sitaki ipite hivi.

yaya_wa_maua
Mudogo, ule wa majani ya kiuno anataka kufyeka, hatafute gazo. Fyeka kama unapata, lakini kwa bei ya kufyeka, na usimuhesabu kati ya bakliya. Gazo inakatwa theluthi ya urefu wake kila mara, ukiipunguza yote mara moya inabakia ya manjano na mwenye nyumba atasema weye njo uliiua.

Tembea siku ya posho asubui ukiangalia fasi mulango wa motokari iko wazi. Ukiona lupango gazo iko fupi katikati lakini pembeni ya ukuta na chini ya maua majani imepanda, pale kuko muntu anapenda gazo, na mwenye kuikata hana mashini muzuri ao hana wakati. Gonga pale.

Na usianze na patro. Anza na jardinye, juu ye anaogopa unakuja kumutosha ku kazi. Mwambie mbele ya yote: papa, maua ni yako, kumwanga maji ni yako, miye naleta mashini mara mbili mu mwezi, mugongo yako inapumuzika. Ye mwenyewe atakupeleka kwa madamu. Kumufukuzisha papa ya bantu juu ya mashini si haki, ana batoto, na kiisha bajardinye ba avenue moya banajuana bote, habari itafika mbele yako.

mama_golf
Miye niko mu wale mwenye kulipa kwa mwezi kwa hiyo nakwambia vile tunaangalia. Kijana mumoya alikuya na ile mashini ya kamba, akakata karibu na motokari bila kuokota mawe, jiwe ikaruka ikapasua kioo. Sikumuita tena. Wenye kuya sasa banapita kwanza na ndoo, banaokota mawe na bipande bya waya, banauliza motokari isogezwe, njo banawasha.

Ingine ni majani yenye kukatwa. Bengi banaisukuma inje mu kaniveau, mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikinyesha maji inarudi mu lupango ya jirani na bugomvi ni yetu. Ukisema kutoka siku ya kwanza kama majani unaibeba weye mwenyewe, miye nakuchukua. Na kama ni siku ya ine, uje siku ya ine!!

vye_wa_kalubwe
Banakuambia mambo ya mvua tu lakini kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa hapa mvua hakuna, usiku wa mwezi wa sita na wa saba kunakuwa baridi, gazo isipopata maji inalala na kliya wako analala naye. Kwa hiyo tafuta wenye foraji. Hoteli, masale ya mafete fasi baharusi banapigia foto, makliniki, masomo yenye bustani mbele, pale banamwanga maji mu kipwa na kazi inaendelea.

Kiisha kuko wenye viwanja bitupu ku Annexe, wenyewe banaishi Kolwezi, Kinshasa ao Ulaya. Mu kipwa majani inakauka na moto inapita, banaogopa sana. Ule mumoya unamukatia, unamutumia foto mbele na kiisha kwa WhatsApp, atakuitia ndugu zake. Uangalie tu bichuguu, mu majani marefu hauvione na kisu ya tondezi inavunjika pale.

kijana_katuba
Aksanti sana. Masomo banasema banalipa kuchelewa, niikubali? Na bei naiweka juu ya nini?

yaya_wa_maua
Somo kubali moya, isikuwe yote. Bei usiiweke juu ya uzuri wa nyumba, pima gazo kwa hatua, hesabu saa, esansi, mafuta ya kuchanganya mu esansi (kama mashini inaomba 1 kwa 50 ni mililita 20 ya mafuta mu litre moya ya esansi, usipunguze, mota itakufa) na kuchonga kisu. Bakliya bane ba avenue moya banapita bakumi wenye kutawanyika kutoka Ruashi mpaka Golf, juu haulipe transpo ya mashini kila mara, kwa hiyo ukipata wa kwanza bakia mu ile avenue, gonga kwa jirani wakati gazo yake ingali inanukia. Nusu ya mwezi balipe mbele, ile ya esansi. Mwenye kukataa ile, muachie.